Somo la Mawimbi Lililovuka Mlima

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa hajawahi kuiona bahari, na sisi tulikuwa hatujaiona, lakini kitabu kilikuwa na hakika kwamba sote tumetoka kuogelea jana. Sura ya mawimbi ilianza kwa kutukumbusha jinsi maji yanavyopanda na kushuka ufukweni. Darasa zima la tisa, wavulana wa milimani kati ya Mbeya na Tukuyu, tukakaa tukijaribu kukumbuka jambo ambalo halijawahi kutupata. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza, na kukumbuka mambo ya Waingereza kulikuwa sehemu ya masomo.

Mwalimu alikuwa Mhehe. Alikulia karibu na misheni ya Tosamaganga, kule Iringa, kijana mwembamba ambaye suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata siku za matope. Kila asubuhi alitusalimu "Kamwene" kwa makusudi, na sisi tukamwitikia kwa Kinyakyusa kwa makusudi yaleyale. Nje ya utani huo tulimheshimu sana. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kufundisha sayansi pale, na somo lake alilijua. Taabu ni kwamba alitaka na sisi tulijue.

Siku moja alikuja na kamba ndefu ya katani. Katikati alifunga kitambaa chekundu, ncha moja akanipa mimi niishike, nyingine akaishika yeye. Akaitikisa mara moja tu. Nundu ikachomoka mkononi mwake, ikaja mbio kwenye kamba, ikanipiga kiganja. Kitambaa kiliruka juu kikashuka palepale.

"Nini kimesafiri?" akauliza.

"Kamba," tukasema.

"Kamba bado ninayo mkononi."

"Kitambaa."

"Kitambaa kiko palepale kilipokuwa."

"Basi nundu, mwalimu."

"Na nundu imetengenezwa kwa nini?"

"Kwa kamba," tukasema, tukawa tumerudi tulikoanzia. Mwalimu alifuta jasho, na huo ulikuwa mwezi wa sita, mwezi ambao huko kwetu hatoki jasho hata anayepasua kuni.

Alitupa jaribio. Swali moja lilisema: kipande cha bua kinaelea juu ya maji, wimbi linapita chini yake, je, bua linakwenda wapi? Jibu lilikuwa kwamba haliendi popote, linapanda na kushuka. Darasa zima tuliandika kwamba linakwenda na maji, na wengine kwa wema wao walitaja mpaka mto litakakoingia. Maji yote tuliyoyajua yalikuwa yanateremka mlima, na kila kilichoanguka humo, bua, kandambili, hata mbuzi mzembe, tuliagana nacho. Kwamba duniani kuna maji yanayohangaika kutwa nzima bila kwenda mahali tuliona ni porojo za kitabu.

Hapa lazima nieleze habari za mama, kwa sababu kuwapo kwangu katika darasa lile kulikuwa mikononi mwake. Baba alikwisha kufariki. Kaka yangu, mkubwa wangu wa pekee, alikwenda machimbo ya dhahabu ya Makongolosi, akasema atarudi baada ya mavuno. Aliyerudi ni mtu mwingine kabisa, mpita njia aliyekuwa akielekea kwao, ambaye alisimama kwenye kijia chetu mzigo ukiwa bado kichwani akasema kwamba kijana wa nyumba hii alikufa kwa homa na wenzake walimzika hukohuko. Kisha akaomba maji, akanywa, akaenda zake.

Mama hakulia. Watu walipoanza kuja na unga wa msiba aliwarudisha mlangoni. Alisema yeye hajaona maiti, hajaona kaburi, hajaona hata shati, ameona mtu mwenye kiu tu. Kitanda cha kaka kiliendelea kutandikwa, na hakuna aliyethubutu kutamka neno marehemu ndani ya nyumba ile. Nilipofaulu kwenda shule ya bweni alikataa katakata, halafu wazee wa kanisa wakamsihi, akakubali kwa sharti moja. "Nikisikia neno moja baya kutoka huko shule," aliniambia, "unarudi hapa kulima. Hata nusu ya neno." Nami niliipenda shule kwa uchu kama wa njaa. Nilikuwa naomba Mungu usiku shuleni pasitokee neno lolote, zuri wala baya.

Kesho yake baada ya lile jaribio la bua, mwalimu alitutoa nje. Alitupanga safu moja kutoka uwanjani, tukapanda na mgongo wa kilima hadi kwenye shamba la viazi la shule kule juu, kila mmoja akiwa mbali kidogo na mwenzake. Agizo lilikuwa rahisi: ukimwona jirani yako anachuchumaa na kusimama, nawe chuchumaa usimame, halafu tulia. Wa kwanza akachuchumaa. Nilikuwa katikati ya safu, na nililiona lile jambo likija kwa kasi kutoka bondeni, kichwa kinazama, kichwa kinaibuka, mpaka likanifikia, likanishusha, likaniinua, likaniacha hapohapo na kuendelea juu. Nilicheka peke yangu. Nikageuka kulitazama likienda zake, na miguu yangu iko palepale kwenye nyasi. Nililielewa wimbi siku ile kwa magoti, na furaha niliyoipata sijaipata tena katika darasa lolote.

Laiti tungerudi darasani hapo. Lakini mwalimu naye alifurahi, na mwalimu mwenye furaha huongeza zoezi. Sasa alitaka kupima kasi kwa saa yake ya mkononi, na kwa ajili hiyo tukatanuka zaidi, wa mwisho wakavuka shamba la viazi hadi upande wa pili. Tulipokuwa tayari ukungu ukashuka, kama unavyoshuka huko kwetu bila hodi, na hatukuonana tena.

"Basi tutatumia sauti!" mwalimu akapaza. "Yowe moja, refu, kisha kimya! Ukilisikia, nawe pokea!"

Niseme jinsi watu wa milima yetu walivyokuwa wakiitana. Nyumba zilikuwa mbalimbali, kila moja kwenye kilima chake na migomba yake, na habari ilikwenda kwa mdomo kuvuka mabonde. Moto uliitiwa kwa mayowe mafupi ya harakaharaka. Ng'ombe aliyepotea aliitiwa kwa kurudiarudia, kwa uvivu fulani. Yowe moja, refu, kisha kimya, lilikuwa la kitu kimoja tu: kuna mtu amekufa. Kile kimya kilikuwa cha kusikiliza kama kuna aliyepokea, na aliyelisikia alikuwa hana hiari, alilipokea na kulipeleka mbele, hata kama mtoto yuko titini.

Darasa zima tulilijua hilo. Mhehe peke yake ndiye hakujua, na sisi hatukumwambia. Si kwamba tulimtega. Shuleni tulifundishwa kuacha mambo ya nyumbani getini, na ile siku tukawa watiifu kuliko siku nyingine zote. Kila mmoja alidhani yowe la fizikia ni yowe la aina nyingine.

Lilikwenda vizuri ajabu. Likapanda kilima katikati ya ukungu, kutoka koo hadi koo, na mwalimu akasimama bondeni macho kwenye saa. Mwenzetu wa mwisho kabisa akalitoa kwa nguvu zake zote, akanyamaza, na zoezi likaisha. Ng'ambo ya shamba la viazi, kwenye kilima kisicho cha shule, mama mmoja aliyekuwa akipalilia alinyoosha mgongo, akaweka jembe chini, akalipokea.

Kitabu kinasema wimbi hufifia kadiri linavyokwenda mbali. La kwetu lilinenepa. Lilipoondoka shuleni lilikuwa sauti tupu. Kwenye kilima cha pili lilikuwa limekwisha kujua kwamba msiba uko shuleni, cha tatu kwamba aliyekufa ni mwanafunzi, na baada ya hapo kila mama mwenye mtoto katika shule ile alilipokea likiwa na jina la mwanawe tayari.

Sisi tulikuwa tumerudi darasani, tumekaa kwa adabu. Mwalimu alikuwa ubaoni akiandika kwa Kiingereza safi kwamba wimbi husafirisha nishati wala halisafirishi vitu. Alipigia mstari neno vitu. Hapo mmoja wetu akanyoosha kidole kuelekea dirishani, na tulipotazama tukaona mlima mzima unateremka. Wanawake walikuja na unga vichwani, mikono ikiwa kiunoni, wakilia. Wanaume walikuja na majembe ya kuchimbia, na wengine wamebeba mikungu ya ndizi. Mwalimu alibaki na chaki hewani.

Mkuu wa shule, Mzungu, alitoka ofisini akauliza maiti iko wapi, maana kwa mahesabu yake msiba wa watu wengi namna ile haukosi maiti. Akaambiwa hakuna. Akauliza basi watu hawa wanalia nini, na mkalimani wake akaona ni salama zaidi kukohoa. Mama mmoja mmoja walikuwa wakimwona mwana wao kwenye kundi letu, wanamrukia, wanampapasa, kisha, baada ya kuhakikisha ni mzima, wanamzaba kofi. Ilikuwa siku ya mabusu na makofi, na aliyekosa kimoja hakukosa cha pili.

Likabaki tatizo la unga. Kwetu unga uliotoka kwa ajili ya msiba haurudi nyumbani, kwa kuwa ukirudi huenda ukavuta msiba ndani. Kwa hiyo wanawake wakawasha moto uwanjani wakapika, bila marehemu, na shule nzima tukala ugali na ndizi na maharage mpaka matumbo yakauma. Hatukuwa tumekula hivyo tangu muhula uanze. Nami nilikuwa nimejaza tonge mdomoni, bonge la tonge, mama yangu alipotokea kwenye ukingo wa uwanja.

Kwetu ndiko kulikokuwa mbali kuliko kote, ndiyo sababu alifika wa mwisho. Hakuwa na unga wala hakuwa akilia. Mkononi alishika shuka jeupe lililokunjwa vizuri, na nililitambua shuka lile. Lilikuwa la kitanda cha kaka. Safari hii alikuwa amekuja kumwona maiti wake na kumfunika mwenyewe. Alinitazama nikitafuna, na sikuweza kumeza wala kutema. Hakunipapasa, hakunizaba kofi. Ningetoa chochote anizabe.

"Chukua sanduku yako," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakupandisha sauti, na kwa mama hiyo ilikuwa ishara mbaya kuliko makelele. Nililia palepale mbele ya wenzangu, mvulana mkubwa wa darasa la tisa, kwa sababu nilijua shule imekwisha.

Mwalimu alikuja mbio. Maskini, alimweleza habari za mawimbi. Kwa Kiswahili chake cha Iringa, na mikono yake, na hata ile kamba akatuma iletwe, alimweleza mama yangu kwamba sauti ilipita tu, hakuna aliyekufa, na kila kitu baada ya wimbi hurudi mahali pake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Naweza kuapa hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikiliza kwa utulivu ule.

"Mimi sikusoma, mwalimu," akasema. "Hii yowe, nani alianza?"

"Ni mimi, mama."

"Basi ni yako. Uirudishe."

Wanawake wengine wakaitikia. Ilikuwa desturi, ingawa ilitumika kwa nadra kwa kuwa watu wenye akili timamu hawapigi yowe la uongo. Aliyelianzisha alitakiwa kulifuata kwa miguu yake, nyumba kwa nyumba, njia ileile lililopita, akiwa na huyo mtu anayedhaniwa amekufa, aseme kwa kinywa chake kwamba yu hai na watu wamwone. Mama alisema nitarudi shuleni kama yowe litarudishwa lote. Likibaki hata kwenye nyumba moja, basi kwa nyumba hiyo mimi ni marehemu, na yeye hatasomesha marehemu.

Tukaondoka kesho yake asubuhi, mwalimu mbele, mimi nyuma yake, mama nyuma yetu na shuka lake kwapani. Nilikuwa nimemfundisha mwalimu sentensi moja ya Kinyakyusa, kwamba kijana ni huyu, mwangalieni, ni mzima. Aliitamka Kihehe. Kwenye nyumba ya kwanza walicheka hadi wakakaa chini, wakamwomba arudie. Kila nyumba ilinitaka nisogee, nigeuke, niseme kitu, na kwa vile mfu hali, kila nyumba ilinipa kitu cha kula ili kujiridhisha. Viazi, maziwa ya mgando, ndizi za kuchoma, viazi tena. Kufika mchana nilikuwa nakaribia kufa kweli.

"Kurudi kwa mawimbi nilipanga kukufundisheni wiki ijayo," mwalimu aliniambia tulipokuwa tukivuka kijito. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini na ule mkunjo wa pasi haukuonekana tena.

Nilikuwa nikimsikiliza zaidi mama. Kila nyumba, mwalimu akimaliza kuchekesha watu, waligeuka kumtazama yeye, kwa kuwa neno la mama ndilo walilolingoja. Naye alisema, "Ni huyu. Yupo." Kwenye nyumba za mwanzo alilisema kwa hasira, akimkodolea macho mwalimu. Baadaye akalisema kwa uchovu. Kisha nikasikia sauti yake ikianza kukatika, na nikajua haisemi juu yangu tena. Niliogopa kugeuka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa mbele ya kwetu, juu kabisa, ambako baada yake ni msitu tu. Mwanamume mmoja alikuwa akitengeneza ua wa ng'ombe. Alikuwa amesikia yowe la jana, na amesikia pia, kwa namna habari zinavyofika zimepinda, kwamba kijana wa mama yangu amepatikana yu hai. Alipotuona tunapanda alitupa fimbo zake akaja kutulaki, uso wote furaha, akanipita mimi, akampita mwalimu, akamshika mama mikono miwili.

"Ndaga! Ndaga, mama!" akashukuru kwa Kinyakyusa. "Kumbe amerudi, yule wa Makongolosi!"

Mwalimu hakuelewa, akanitazama mimi. Yule jirani alituangalia mmoja mmoja, akanitambua, na furaha ikamtoka usoni taratibu.

"Hapana," mama akasema. "Yule hakurudi. Yule alikufa."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo. Alilitamka kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha akalifungua lile shuka, akajitanda kichwani, akauelekea upande wa mabonde tuliyotoka, akapiga yowe. Moja, refu. Halafu akanyamaza.

Kimya kile nitakikumbuka mpaka naingia kaburini. Tulikuwa tumeshinda kutwa nzima tukiwaambia watu wa vilima vyote kwamba yowe la nyumba yetu ni la uongo, wasiliamini, na walituelewa vizuri. Chini kule niliona moshi wa majiko, niliona watu wadogo mashambani wameinua vichwa, na hapana aliyelipokea. Yule jirani alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, macho yamejaa machozi. Mimi nilifungua mdomo nikatoa pumzi tu. Mama alisimama na shuka lake akisikiliza.

Mwalimu ndiye aliyelipokea. Alikuwa amelielewa neno moja tu, Makongolosi, na yaliyobaki aliyasoma kwenye uso wa mama. Alipiga hatua mbele, akaweka viganja mdomoni, akalitoa kwa nguvu, vibaya, kwa namna ya Kihehe inayotetemeka mwishoni, mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Akanyamaza kama desturi inavyotaka. Na kwenye kilima cha chini mwanamke mmoja akalipokea, na baada yake mwingine, likaanza kuteremka.

Jioni ile walikuja wote waliokuja jana, na unga mwingine. Hakuna aliyeuliza kama safari hii ni kweli. Mama alikaa chini sakafuni katikati ya wanawake akamlilia kaka yangu kwa miaka yote ile, na mwalimu wa fizikia alikaa nje kwenye baridi pamoja na wanaume, akapewa kisahani cha maharage, akala.

Siku ya pili asubuhi nilijikalisha karibu na mama. Nilidhani ananihitaji, na nilikuwa tayari kubaki, nalisema hilo wazi, nilikuwa tayari. Aliniangalia kama anayeona mgeni amekaa mahali pa mtu.

"Mwalimu wako anakungoja njiani," akasema. "Wewe nenda shule. Hapa tuna msiba."